Simu yasema nimepungua, suruali yagoma!

Najua wiki iliyopita niliahidi kuendelea na yale ya vijana na mahari, lakini naomba mnisamehe, hilo nimeliweka kiporo. Leo nina kasheshe langu mwenyewe, tena la mwili wangu. Soma taratibu, ikiwezekana kabla hujaenda kula.

Habari yenyewe ilianza mwaka jana mwezi wa Juni. Kaka yangu alikuwa anaoa Agosti na mimi ndiye niliyeteuliwa kuwa mpambe wake. Kamati ikasema tusijitwishe gharama, kila mwenye suti nyeusi avae ya kwake. Mimi roho kwatu, maana suti ninayo, nilishonewa na fundi mmoja wa Magomeni miaka 2 nyuma. Siku naijaribu mbele ya kioo, koti likaingia kwa kubembelezwa. Suruali? Jamani! Kifungo na tundu lake vilikuwa vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombea uzio.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa pale mlangoni, kacheka mpaka kakaa chini. Alipomaliza kucheka akaniambia, "Braza, siku hizi mambo yote kwenye simu. Pakua programu ya kupunguza uzito, inakuhesabia unachokula na hatua unazotembea. Mwezi tu, umekuwa kimbaombao."

Bwana wee, nikanunua bando usiku ule ule, nikapakua. Kitu cha bure, nani akatae?

Programu ikaanza kuniuliza kama niko kituo cha polisi. Umri? Jinsia? Urefu? Uzito? Uzito sikuujua, basi kesho yake nikaenda kwa yule kijana wa mizani anayekaa kituoni, nikampa shilingi 200, nikapanda. Kilo 96! Na urefu wangu ni mita 1.70. Nikajaza. Simu ikanijibu kwa rangi nyekundu: 33.

Kwa wasiojua, hicho kipimo wanakiita BMI. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wako kwa mita, halafu jibu unaligawanya tena kwa urefu ule ule. Mimi hisabati ya kidato cha nne iliniacha barabarani, lakini hii hata mimi nimeiweza. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima ukiwa kati ya 18.5 na 25 uko sawa, ukifika 25 uzito umezidi, na ukifika 30 huo ni unene wa kupindukia. Hesabu yenyewe ni ya zamani, ilibuniwa na Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, kwenye miaka ya 1830, na wala hakuwa daktari, alikuwa mtu wa hesabu na nyota. Ndiyo maana haijui kama kilo zako ni za misuli au za kitambi. Za kwangu lakini nilizijua ni za nini, sikuhitaji Mbelgiji.

Nikaiambia simu nataka kufika kilo 78 kabla ya harusi, yaani wiki 8. Ikakataa! Ikasema mwisho wake ni kilo 1 kwa wiki. Nilichukia, ila baadaye nilipopiga hesabu nikaona iko sahihi. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kubeba kama kalori 7,700. Kilo 18 ni kalori 138,600. Gawanya kwa siku 56, unatakiwa upunguze karibu kalori 2,475 kila siku, wakati mimi mzima mzima natumia kama 2,300 hivi. Kwa maneno mengine, hata ningefunga mdomo kwa plasta miezi 2 nisingefika. Nikakubali kilo 1 kwa wiki, ikanipangia kalori 1,500 kwa siku.

Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Mchana wa kwanza niko kwa mama ntilie wangu, ugali, maharage na dagaa. Nikaandika "ugali" kwenye simu. Yakaja majibu kama 10, kila moja linasema lake. Moja kalori 150, jingine linakaribia 700! Nikajiuliza, huu ugali ni mmoja kweli? Kumbe programu nyingi za namna hii, orodha ya vyakula hujazwa na watumiaji wenyewe. Yule wa kalori 150 labda alikula tonge 3, na yule wa 700 ni mbeba mizigo wa Kariakoo. Unga wa mahindi, gramu 100 zikiwa kavu, zina kama kalori 360, sasa bonge la ugali la mama ntilie limeingia gramu ngapi? Nilipomuuliza mama wa watu akaniangalia juu mpaka chini. "Mwanangu, hapa tunapima kwa mwiko. Unakula au unafanya mtihani?"

Na si kwamba chakula chetu hakijapimwa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani walitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania, mumo humo mna vyakula vyetu na virutubisho vyake. Lakini programu yangu ilikuwa inaijua zaidi baga kuliko kisamvu.

Basi kwenye majibu yale 10 mimi nikachagua lipi? Lile la 150, sawasawa! Na hapo ndipo nilipoanza kuidanganya simu, msomaji wangu. Andazi la kuonja sikuliandika, maana si nilionja tu. Mafuta ya kukaangia sikuyaandika, maana sikuyaona. Na kijiko 1 cha chakula cha mafuta kina kama kalori 120, watu hatujui. Soda ya dukani kwa Mangi sikuiandika, kwa sababu ni kinywaji, siyo chakula. Kumbe chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai! Jioni simu inaniambia nimetumia kalori 1,300, hongera, zimebaki 200. Natafuta pa kuzimalizia.

Hatua nazo zikawa kichekesho. Simu ilitaka hatua 10,000 kwa siku. Wengi tunadhani hiyo namba imetoka kwa madaktari. Wapi! Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua, jina lake Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua 10,000. Jina la biashara likageuka sheria ya dunia. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2019, kwa wanawake wazee karibu 17,000, ulionyesha waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kuongezeka kwenye hatua 7,500 hivi. Kwa hiyo usiyefika 10,000 usijinyonge.

Mimi sikujinyonga, nilimpa simu mdogo wangu aiweke kwenye soksi akicheze kandanda. Simu haijui miguu ni ya nani, yenyewe inahisi mtikisiko tu. Jioni ile nilipata hatua 14,000 nimekaa kijiweni nacheza drafti! Programu ikaniongezea kalori za zawadi kwa juhudi, nami nikazipeleka moja kwa moja kwenye zege, tena mayai 3.

Wiki ya tatu simu ikanichorea mstari unaoteremka, ikaniambia nikiendelea hivi wiki 5 zijazo nitakuwa kilo 89. Nikavaa suruali kwa mbwembwe. Ikagoma. Nikarudi kwa kijana wa mizani na shilingi 200 yangu. Kilo 97.

Cheka tu, hata mimi nilicheka. Lakini sasa naomba uache kucheka, kwa sababu kuna mwenzangu ambaye hakudanganya.

Dada yangu alikuwa amejifungua, mtoto ana miezi 2 na nusu, na tunaishi nyumba moja kwa sababu shemeji ni dereva wa malori, leo yuko Tunduma kesho Lubumbashi. Aliponiona na simu akaniambia, "Mdogo wangu, na mimi niwekee hicho kitu. Gauni la kitchen party limenikataa, na mawifi wameshaanza maneno." Mimi kwa kiherehere nikaichukua simu yake, nikapakua, nikamjazia kila kitu mwenyewe. Umri, urefu, uzito, tap tap tap. Pakatokea karatasi ndefu ya Kiingereza yenye maandishi madogo kama ya dawa ya panya. Nani anasoma? Nikabonyeza "Nakubali". Yeye akapangiwa kalori 1,200. Tukawekeana dau, atakayeshindwa atanunua kuku mzima.

Dada yangu ni mtu wa nidhamu tangu shule. Alinunua kijiko cha kupimia, akaandika kila kitu, mpaka ndimu. Sisi tunakula wali, yeye tango. Baada ya wiki 6 alikuwa amepungua kilo 7 za kweli, za mizani, na simu yake kila Jumatatu ilikuwa inarusha fataki kwenye kioo na kumwita bingwa. Mimi nikawa naona wivu, na kuku ninamlipa kichwani.

Ila usiku nyumba ilikuwa haikaliki. Mtoto analia, ananyonya, analia tena. Mama akasema ana mchango, akachemsha majani yake. Jirani akasema maziwa hayamtoshi, apewe uji, na mtoto bado hajafika hata miezi 6! Dada mwenyewe akisimama anashika ukuta, anasema ni usingizi tu.

Siku ya kliniki mimi ndiye niliyembebea mkoba. Mnaijua ile kadi ya mtoto, kila mwezi anapimwa uzito, wanaweka nukta, nukta zinaunganishwa zinakuwa mstari. Muuguzi, mama mtu mzima miwani iko puani, alimtoa mtoto kwenye mizani, akaweka nukta, akanyamaza. Mstari ambao miezi ya mwanzo ulikuwa unapanda vizuri, sasa ulikuwa umelala kama barabara ya Dodoma.

Nilitegemea amkague mtoto. Hakumkagua kwanza. Alimwangalia dada usoni, akamuuliza kwa upole, "Na wewe mama, unakula nini?"

Dada akatoa simu kwa fahari, akamwonyesha mstari wake unaoshuka. Yule mama akaiangalia ile simu, akaiangalia na kadi, akaviweka pamoja mezani. Wa mama unashuka, wa mtoto umelala. Halafu akauliza swali moja tu:

"Hii simu inajua kuwa unanyonyesha?"

Kimya. Dada akanigeukia mimi. Msomaji wangu, ardhi ingepasuka siku ile ningetumbukia bila kusukumwa.

Yule muuguzi hakutugombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaeleza kwamba mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida, kama kalori 500 za ziada kwa siku, na anayejinyima sana na kupungua haraka anaweza kuona maziwa yanapungua na nguvu zinamwishia. Akasema mwili wa mzazi utarudi taratibu, haukimbizwi na gauni. Akampa maelekezo ya kula, kunywa maji ya kutosha na kunyonyesha mara kwa mara, uji wa mtoto ukapigwa marufuku mpaka miezi 6, akatutaka turudi baada ya wiki 2. Kisha akanitazama. "Na wewe mjomba, ndiye uliyeweka hii programu?" Nikaitika kwa kichwa. "Siku nyingine, soma kwanza."

Usiku ule nilikaa na ile karatasi ya Kiingereza na kamusi yangu ya sekondari. Ilikuwa imeandikwa pale pale, aya ya 4, kwamba mpango huo si wa wajawazito wala wanaonyonyesha bila ushauri wa daktari. Simu haikutudanganya. Ilisema, ila ilisema mahali ambapo ilijua hatutasoma, na baada ya hapo haikuuliza tena. Kadi ya kliniki ni karatasi tu, haina bando wala fataki, lakini kila mwezi inapita mbele ya mtu mwenye macho, na mstari ukilala anauliza.

Tulirudi baada ya wiki 2. Nukta ikapanda. Baada ya mwezi ikapanda tena, na sasa huyo bwana mdogo ni bonge la mtoto, akikaa mapajani miguu inakufa ganzi.

Je, ninawaambia mfute programu zenu? Hapana, na mimi mwenyewe sijaifuta. Sikilizeni tafiti 2 nilizozisoma baada ya hapo. Ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 2008, ikihusisha watu karibu 1,700, ikaonyesha kwamba walioandika kila siku wanachokula walipungua karibu mara mbili ya wale wasioandika. Ya pili ni ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ilitolewa mwaka 2016. Walichukuliwa vijana 471 wa miaka 18 hadi 35, wote wakapewa mpango wa chakula, mazoezi na washauri. Baada ya miezi 6 nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa kinachopima mazoezi. Miezi 24 ilipotimia, wenye kifaa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.5, na wasio na kifaa kilo 5.9! Unaona mambo hayo? Kuandika kunasaidia. Kifaa peke yake hakina muujiza, kama vile kununua daftari hakukufaulishi mtihani. Mimi ni shahidi, nilikuwa na madaftari mazuri kuliko darasa zima.

Kwa hiyo sasa ninaitumia hivi. Naandika kabla ya kula, siyo baada, maana ukishashiba unaandika uongo. Chakula chetu kikiniletea majibu 10 nachagua la katikati, halafu natumia kipimo kile kile kila siku. Mafuta napima kwa kijiko. Soda nimeibakiza Jumapili tu, na chai vijiko vya sukari vimetoka 3 hadi 1. Hatua nazitembea mwenyewe, nashuka vituo 2 kabla ya nyumbani, na Jumapili alfajiri niko kwenye mchakamchaka na vijana wa mtaani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukigawa siku 5 ni nusu saa tu. Kalori za zawadi sizili tena. Na mara 1 kwa mwezi naenda kupimwa uzito na presha kituo cha afya, nikiwa na simu yangu mkononi, ili pawe na mtu wa kuniuliza.

Kama wewe ni mjamzito, unanyonyesha, una kisukari, unatumia dawa au uko chini ya miaka 18, usianze na simu. Anza na mtu. Na kama ukila unaona hatia, au unajinyima mpaka kichwa kinazunguka, funga programu mwambie aliye karibu nawe. Kizunguzungu si ubingwa.

Najua mnataka kujua habari za harusi. Suruali haikuingia! Fundi wa Magomeni aliniongezea kipande cha kitambaa kiunoni kwa nyuma, koti likafunika aibu, nikacheza mpaka mwisho nikiogopa kuinama tu. Dada alivaa dera lake, kapendeza kuliko mawifi wote, na mtoto alinyonya katikati ya ukumbi bila wasiwasi. Kuku nilimlipa, na nilihakikisha amemla yeye.

Miezi 5 baadaye nilipanda tena mizani ya yule kijana wa kituoni. Kilo 91. Akanirudishia shilingi 200 yangu. "Braza, leo bure, umehangaika."

Nafasi aliyonipa mhariri imekwisha. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye mahari, na safari hii sikimbii. Alamsiki!